Shindano la kwanza kwenye ziwa la karpu: ulishe nini, wapi na saa ngapi

Swali: Nimekulia Mombasa nikivua kwa mshipi tangu utotoni, na sasa naishi Leicester. Mwenzangu wa kazini ameniingiza kwenye klabu yao ya uvuvi. Shindano langu la kwanza ni katikati ya Julai, kwenye ziwa la kulipia lenye karpu wengi: watu 20, saa tano za kuvua. Nina fimbo moja yenye rili na ufito wa kaboni wa mita 13 (fimbo ndefu ya vipande vya kuunganisha, isiyo na rili) nilionunua mkononi. Nijiandae vipi, na siku yenyewe nivue vipi ili nisiburure mkia?

Jibu: Ndugu yangu, mkono uliozoea mshipi utakufaa, lakini mambo mawili yatakuwa mageni kwako. La kwanza, hakuna samaki anayekwenda jikoni. Kila unayemtoa anakaa hai ndani ya wavu wako hadi saa ya kupima, kisha anarudishwa majini. Mwenye ziwa aliwanunua samaki hao, na karpu mmoja huvuliwa mara nyingi katika maisha yake. Ndiyo maana karibu nusu ya kanuni utakazozikuta zinahusu mdomo, magamba na pumzi za samaki.

La pili, samaki si wa kutafutwa. Baharini unaweza kukesha ukingoja mguso mmoja. Maziwa haya ni madogo, yamechimbwa na watu na kupandikizwa samaki kwa wingi, kwa hiyo mbele ya karibu kila pegi (ndivyo waitavyo kituo cha kuvulia) samaki wapo. Anayeshinda ni yule anayewakusanya mahali pamoja, chini kabisa, wakiwa bado na njaa kidogo, kwa saa zote tano. Hili ni shindano la kulisha, na karibu kila kosa la mgeni ni kosa la kulisha, hata pale anapodhani ndoana ndiyo yenye tatizo.

Utakayekutana naye zaidi ni karpu, yuleyule aliyejaa Ziwa Naivasha siku hizi. Pamoja naye kuna F1, chotara wa karpu na krusiani (jamaa mdogo wa karpu), ambaye mara nyingi ana paundi moja hadi tatu na huuma kwa wepesi mno. Halafu wapo brimu, rochi na tenchi. Rochi na brimu wadogo huhesabiwa kama kundi la samaki weupe, na klabu nyingi huwatengea wavu wao.

Kabla ya siku yenyewe

Nchini England kila mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea lazima awe na leseni ya fimbo ya Environment Agency. Inapatikana mtandaoni kwa dakika chache, na kuvua bila hiyo kunaweza kukutoza faini ya hadi pauni 2,500. Kadi ya klabu au tiketi ya ziwa haichukui nafasi yake.

Kisha mpigie katibu wa klabu na uulize mambo haya, kwa sababu kila ziwa lina sheria zake: Je, nyavu za kuhifadhia samaki unakuja nazo au unapewa pale? Kila wavu unaruhusiwa paundi ngapi? Peleti (punje za chakula cha samaki) lazima zinunuliwe dukani pao? Unga wa kulishia unaruhusiwa wazi majini au ndani ya kilishio tu (chombo kidogo cha chakula kinachofungwa kwenye mshipi)? Ufito mwisho wake mita ngapi? Ndoana kubwa kuliko zote ni namba gani? Kuhusu kijino cha nyuma cha ndoana usiulize: nunua zisizo nacho, kwani karibu maziwa yote haya yanazikataa zenye kijino. Mshipi wa kusukwa nao acha nyumbani.

Uliza pia kuhusu fedha. Kwa kawaida unalipa ada ya pegi, ambayo ni ya ziwa, na juu yake dau linalokwenda kwenye zawadi. Ikiwa dau linakukera kwa sababu ya dini, mwambie katibu mapema. Klabu nyingi hukubali mtu avue kwa ajili ya pointi za ligi bila kuingia kwenye fedha.

Vifaa: vichwa vinne kuliko mita 16

Ufito wa mita 13 unakutosha. Wa mita 16 ni ghali, upepo unautesa, na kila samaki anakugharimu sekunde nyingi zaidi za kuurudisha nyuma na kuutenganisha. Kinachowapungukia wageni ni vichwa, yaani vipande vya juu vyenye lastiki ndani. Unahitaji angalau vinne, kila kimoja kimefungwa mshipi wake na kupimwa kina cha sehemu yake, ili katikati ya shindano usikae unasogeza boya juu na chini.

Lastiki ndiyo rili ya ufito: inanyooka samaki anapokimbia na kumrudisha anapochoka. Kwa maji ya wazi chukua lastiki yenye uwazi ndani, ukubwa wa namba 8 hadi 10. Kwa pembezoni mwa ukingo, ambako karpu wakubwa huja, chukua namba 12 hadi 14. Kila kichwa kiwe na tundu la pembeni la kuvutia lastiki kwa mkono. Bila tundu hilo utamchosha samaki mkubwa kwa dakika kumi, naye atakuchosha wewe.

Kwa maji ya wazi yenye kina cha mita 1.5 hivi, funga mshipi mkuu wa milimita 0.16, uzi wa ndoana wa milimita 0.14 wenye urefu wa sentimita 15, ndoana namba 16 au 18, na boya jembamba linalobeba gramu 0.3. Risasi ndogo zipange kwa kuzitawanya kwenye nusu ya chini ya mshipi, ili chambo kishuke polepole kama chakula kingine. Rochi wakikisumbua chambo kabla hakijafika chini, zikusanye zote sentimita 30 juu ya ndoana. Kwa pembezoni badilisha kila kitu kiwe kinene: mshipi wa 0.20, uzi wa 0.18, ndoana namba 14 nene, boya fupi lenye ncha nene inayoonekana.

Fimbo yenye rili ifunge kilishio bapa. Hicho ni kikombe cha plastiki kilicho wazi upande mmoja, chenye uzito chini, kinachobandikwa peleti laini na chambo katikati yake. Gramu 25 hadi 30 zinatosha. Mshipi wa paundi 6 hadi 8, uzi wa ndoana wa sentimita 10 tu, na nyuma ya ndoana kinywele chenye kipete kidogo cha mpira cha kushikia peleti ngumu. Kilishio lazima kiweze kuteleza na kutoka mshipi ukikatika, samaki asibaki akiburuta uzito. Wakaguzi wa maziwa hulitazama hilo, na wana haki.

Ongeza wavu wa kuopolea wenye mpini wa mita 2 au 3, nyavu tatu za kuhifadhia zenye urefu wa mita 3 hivi na zisizo na mafundo, kichomoa ndoana, manati, vikombe vya kulishia vya kubana kwenye ncha ya ufito (kimoja kidogo kama kifuniko cha chupa, kingine cha mililita 250), na kibonyezo cha kuhesabia samaki. Hicho cha mwisho ni cha bei ndogo, na nitakirudia.

Chambo na jinsi ya kukiandaa

Kwa saa tano za Julai, beba peleti za milimita 2 kiasi cha kilo moja, za milimita 4 nusu kilo, za milimita 6 mkono mmoja au miwili kwa ajili ya ndoana, makopo mawili ya mahindi matamu, na painti mbili za mabuu, ambayo ni zaidi kidogo ya lita moja. Nyama ya kopo inavua karpu vizuri ikikatwa vipande vya milimita 6, ila mara nyingi ni ya nguruwe, kwa hiyo soma kopo. Usipoitaka hujapoteza kitu, maana mahindi ya Julai yanaifanya kazi yake.

Peleti za milimita 2 ndizo zinazoharibiwa na wengi, kwa hiyo twende taratibu. Zimwage kwenye beseni, mimina maji ya ziwa yazifunike kwa kidole kimoja, subiri dakika moja na nusu, kisha zichuje kwenye chekeche maji yote yatoke. Ziache nusu saa bila kuzigusa. Mwanzoni zitaonekana bado ngumu ukadhani umekosea, lakini maji yaliyobaki juu yake yanaendelea kuingia ndani. Baadaye zitenganishe kwa vidole. Zikiwa sawa, ukizifinya mkononi zinashikana, ukizisugua zinaachana. Zikikaa majini muda mrefu zinakuwa uji, na uji hauondoki kwenye kilishio, kwa hiyo samaki hana anachookota. Zikilowa kidogo mno, zinabanduka kilishio kinapopiga maji na unabaki ukivua na plastiki tupu. Zilizokauka kwa jua zinyunyizie matone machache. Usizirudishe kwenye beseni la maji.

Kura na kupanga pegi

Kura hupigwa kama saa moja na nusu kabla ya kuanza. Shindano la saa 4 asubuhi, kura ni saa 2 na nusu. Ukichelewa unaweza kukuta umewekewa namba iliyobaki au umeachwa. Unatoa namba mfukoni, na hapo ndipo utakapokaa, hakuna kubadilishana. Pegi za mwisho na za kona huwa na bahati zaidi kwa kuwa upande mmoja hauna jirani wa kugawana naye samaki. Usikate tamaa ukipata ya katikati: mara nyingi kuna zawadi ya kila kanda. Watu 20 wakigawanywa katika kanda nne, unashindana kwanza na majirani zako wanne.

Kabla ya kuunganisha ufito, tazama juu. Kaboni inapitisha umeme, na nyaya za umeme zinaweza kuua hata bila kuguswa. Hakuna pegi inayofaa kuvuliwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye nyaya hizo. Radi ikianza, laza ufito chini na uondoke, shindano liwe linaendelea au la.

Sanduku la kukalia liwe sawa kabisa, mapaja yako yakilala usawa na ufito ukipumzika juu yake. Roda za nyuma, zile za kutelezeshea ufito unapourudisha, ziweke mahali ambapo ufito unarudi wenyewe bila wewe kunyanyua kiuno. Vyakula viwe upande mmoja, wavu wa kuopolea upande wa mkono unaoutumia. Kwa kawaida unaruhusiwa kufunga vifaa na kupima kina kabla ya kipyenga. Kulisha hairuhusiwi.

Bildi kwanza

Nahodha hutia bildi kabla ya kutia nanga, na hapa pia kupima kina ndiyo kazi yenye faida kuliko zote za asubuhi. Ipe dakika 20 nzima.

Bana kichubwi, yaani kirisasi cha kupimia kina, kwenye ndoana, kishushe, na usogeze boya mpaka ncha yake tu ionekane juu ya maji. Pima kila nusu mita kutoka miguuni pako kwenda mbele. Utakuta maji yanashuka kwa mteremko, kisha chini panakuwa tambarare. Unatafuta ule mwanzo wa tambarare, ambao kwenye maziwa mengi uko mita 4 hadi 6 kutoka ukingoni. Ukilisha juu ya mteremko, chakula kinabingirika kwenda mbele na samaki wanakifuata, wewe ukibaki unavua mahali patupu. Kichubwi kikizama taratibu na kurudi na matope meusi, sogea pembeni kidogo utafute chini pagumu, kwani karpu anapenda kula mahali asipolazimika kuchimba.

Chagua sehemu nne. Ya kwanza ni mbali, kwa fimbo na kilishio, ukilenga alama ng'ambo na kubana mshipi kwenye klipu ya rili ili kila mtupo ufike umbali uleule. Ya pili ni mita 13 kwa ufito. Ya tatu ni mita 5, mwanzo wa tambarare. Ya nne ni pembezoni, kushoto au kulia, kwenye maji ya sentimita 45 hadi 60, ikiwezekana karibu na majani au jukwaa tupu, lakini usivuke nusu ya njia kuelekea kwa jirani. Kila kichwa weka alama ya kina kwa rangi nyeupe kwenye ufito wenyewe, kwa sababu boya litasogea tu. Kwa kuanzia chambo kiguse chini tu, au kilale sentimita 2 au 3. Upepo ukiburuta maji ongeza hadi sentimita 8.

Saa tano zenyewe

Kipyenga kikilia utaona majirani wengine wakimwaga vikombe vizima. Wewe usiwaige. Tia mita 13 nusu kikombe kidogo cha peleti za milimita 2 na punje nne za mahindi. Kule mita 5 tupa peleti sita au saba za milimita 4 kwa mkono. Pembezoni usitie kitu. Kisha chukua fimbo na uvue na kilishio kwa saa ya kwanza, huku mkono mwingine ukiendelea kutupa zile peleti sita au saba kule mita 5 kila dakika moja au mbili. Hapo unajenga mahali pa kuvulia baadaye bila kupagusa.

Kilishio kirudie kila dakika 5 mwanzoni hata kama hakujaguswa kitu, ili chakula kijikusanye. Kikishaleta samaki, kiache dakika 8 au 10. Na hapa mkono wa pwani utakuponza: usichape. Uzito wa kilishio na ufupi wa uzi vinamnasa samaki vyenyewe. Ncha ya fimbo ikipinda na kubaki imepinda, inua tu na uanze kuvuta. Ikitikisika na kurudi, hiyo ni miguso ya uongo, samaki wanasugua mshipi. Vumilia.

Saa moja ikipita nenda mita 13. Kwenye kikombe kidogo tia peleti 20 au 30 tu, kiweke juu ya boya, kimwage, na chambo chako kishuke pamoja na chakula. Kama samaki amekuja, rudia kiasi hicho hicho. Kama dakika mbili zimepita bila kitu, inua chambo sentimita 20 na ukiache kishuke tena. Mara nyingi F1 huchukua hapo hapo. Kanuni ninayokushauri uishike shindano zima ni hii: samaki mmoja, kikombe kimoja. Kulisha kufuate samaki waliotoka, kusifuate wasiwasi wako.

Utajuaje kuwa umelisha kupita kiasi? Dalili ziko wazi ukizijua. Boya linazama mara kwa mara na ukiinua hakuna kitu. Ndoana inarudi na gamba. Unanasa samaki kwenye pezi au tumboni, anakimbia kama gari na kung'oka. Mapovu yametapakaa eneo pana badala ya mahali pamoja. Maana yake samaki ni wengi, wameinuka kutoka chini wakigombania chakula kinachoshuka, na mshipi wako unapita katikati ya miili yao. Mgeni akiona hivyo hudhani samaki wanauma vibaya, akabadilisha ndoana, akaongeza chakula, akamaliza kabisa pegi yake. Dawa ni kinyume: acha kulisha kwa dakika 10, nenda sehemu nyingine, ukirudi toa nusu ya kiasi ulichokuwa ukitoa, na tumia kikombe badala ya manati ili chakula kitue kwa pamoja. Ikiwa bado wanagombania juu, fupisha mshipi uvue katikati ya maji. Julai karpu wengi huvuliwa kina cha sentimita 40 hadi 60, kwa peleti ngumu ya milimita 6 na manati inayorusha tano au sita bila kuacha.

Kimya nacho kina maana yake. Ukivua robo saa bila mguso hata mmoja, kwanza badilisha mahali, si chambo. Nenda mita 5, ambako umekuwa ukilisha tangu asubuhi. Ukipata samaki watatu haraka pale kisha pakapoa, papumzishe kabla hapajafa, urudi baada ya dakika 20. Kuzunguka sehemu zako kwa utaratibu kunaleta samaki. Kurukaruka kila dakika tatu kunakuacha huna mahali palipokomaa.

Samaki akinasa, mwache akimbie mara ya kwanza. Rudisha ufito taratibu juu ya roda huku ncha ikiwa chini karibu na maji, umtoe kwanza kwenye eneo lako la kulishia ili asiwatawanye wenzake. Ukifika kwenye kichwa, tenganisha, vuta lastiki kupitia tundu la pembeni, na umwongoze juu ya wavu wa kuopolea ambao tayari umo majini. Wavu usimfuate samaki, samaki ndiye aletwe kwenye wavu. Mikono iwe na maji kabla ya kumshika. Nyuzi nyingi hukatika katika mita mbili za mwisho, mtu akiwa na haraka. Hesabu ni rahisi: heri umpe karpu wa paundi 8 dakika nne kuliko umpoteze kwa pupa ya kuokoa dakika moja.

Pembezoni, saa mbili za mwisho

Kuanzia saa 7 mchana karpu wakubwa huanza kunyemelea ukingo, kwa sababu makelele yamepungua na wanajua kuwa chakula hutupwa pale. Hapo ndipo mashindano mengi ya kiangazi huamuliwa. Kwa saa 3 za mwanzo uliiacha sehemu hii bila kuigusa makusudi: ukilisha mapema unawaita rochi wadogo, na karpu mmoja mmoja anayefika anakula na kuondoka.

Tia kikombe kikubwa nusu, mabuu waliokufa wakichanganywa na mahindi. Mabuu wafu hawajifukii kwenye matope, na huwaui kwa shida: wafungie kwenye mfuko usio na hewa na uwalaze ndani ya friza usiku mmoja. Ngoja dakika 10 ukivua kwingine. Ukiona mkia unatikisa maji, majani yakisogea au wingu la matope likipanda, ndipo upeleke ndoana, ikiwa na mabuu sita au punje mbili za mahindi, chambo kilale chini sentimita 5. Kaa kimya, usikanyage jukwaa. Miguso ya uongo ni mingi hapa kuliko popote, kwa hiyo usiinue boya linapotikisika. Subiri lizame na kwenda. Baada ya kila samaki lisha tena theluthi moja ya kikombe. Usipoona dalili kwa nusu saa, rudi mita 5 na ujaribu upande mwingine wa pegi.

Wavu na kibonyezo

Hapa ndipo watu hupoteza walichokwisha kukivua. Tuseme ziwa lako linaruhusu paundi 50 kwa kila wavu. Ukipima na wavu una paundi 58, unaandikiwa 50, na katika baadhi ya klabu wavu wote unafutwa. Kikomo hicho hakikuwekwa kukukomoa: karpu wengi katika wavu mmoja siku ya joto wanakandamizana na kukosa hewa.

Kadiria kila samaki na ubonyeze jumla kwenye kibonyezo, paundi kwa paundi. Binadamu karibu wote hukadiria pungufu, kwa hiyo hesabu yako ikifika 40 badilisha wavu. Karpu wa paundi 3 kila mmoja, hao ni 13 tu, idadi unayoifikia upesi kuliko unavyodhani. Ndiyo maana unahitaji nyavu tatu, mbili za karpu na moja ya samaki weupe. Mdomo wa wavu uwe imara juu ya maji, na chini uwe umenyooka ili samaki wapate nafasi.

Kipyenga cha mwisho kikilia toa mshipi majini mara moja. Kama wakati huo samaki yuko ndoanani, klabu nyingi humhesabu ukimtoa ndani ya muda maalumu, nyingine hazimhesabu. Ulizia hilo asubuhi wakati wa kura. Usinyanyue wavu mpaka wapimaji wafike kwako. Wakifika, vuta wavu kidogo kidogo samaki wakusanyike chini, uwamimine taratibu kwenye mfuko wa kupimia uliokwisha kulowa, na wasaidie kuwarudisha majini mara tu uzito unaposomwa.

Soma karatasi kabla ya kutia sahihi. Uzito huandikwa kwa paundi na aunsi, na paundi moja ni aunsi 16, sawa na gramu 454. Kwa hiyo 43-8 ni paundi 43 na nusu, si 43.8. Jumlisha nyavu zako mwenyewe. Aunsi 9 na aunsi 10 zinafanya paundi moja na aunsi 3, na hapo ndipo makosa ya kujumlisha huingia.

Hata ukiwa na paundi nne tu, pima. Wageni wengi huona haya, wakamwaga samaki wao na kuondoka kimya, wakati kwenye ligi ya pointi paundi hizo nne zinaweza kukupandisha juu ya mwingine aliyeondoka vivyo hivyo. Lengo lako la mara ya kwanza liwe kumpita angalau jirani mmoja kwenye kanda yako, na ukilisha kwa kikombe kidogo nakwambia linawezekana.

Ukifika nyumbani, nyavu zako zioshe na uzianike juani mpaka zikauke kabisa kabla ya kwenda ziwa lingine, hata kama utazichovya tena kwenye tangi la dawa utakapofika huko. Kirusi cha KHV kinachoua karpu husafiri kwenye nyavu zenye majimaji, na ziwa zima linaweza kupotea. Halafu kabla hujalala andika: namba ya pegi, kina cha kila sehemu, saa aliyokuja karpu wa kwanza pembezoni, na idadi ya vikombe ulivyotia. Mkirudi ziwa hilo mwezi wa nane, karatasi hiyo itakuokolea nusu ya zile dakika 20 za bildi.